Maneno Yaliyomezwa na Rezo

Jumapili ile, wakati watu wa kambi walikuwa bado kanisani, Emérance alikuwa ameketi peke yake ndani ya ofisi ya komite, ekuta za kusikilizia masikioni, akirudisha sauti ileile nyuma, akiisikiliza, akiirudisha tena.

"Mukipita kwa daraja…"

Kisha kimya. Kwenye kioo cha machine, ile kompyuta ya komite, uso wa mwanaume ulikuwa umeganda, mdomo wazi kidogo, jicho moja limefumbwa nusu. Kisha picha ikaruka na sauti ikarudi:

"…mutaguswa."

Kisha tabasamu, na rezo, ule mtandao wa Internet, ikakatika tena. Alikuwa anatafuta herufi mbili tu. Kama mwanaume yule alisema "hamutaguswa", basi njia ilikuwa salama na hakuna ambaye angewagusa wamama. Kama alisema "mutaguswa", lilikuwa onyo la risasi. Na jana, mbele ya ukumbi uliojaa mpaka mlangoni, Emérance mwenyewe ndiye aliyetangaza "hamutaguswa", kwa sauti ya mtu asiye na shaka, na wamama wakapiga vigelegele.

Lori la kuwapeleka wamama mashambani lilikuwa linaondoka saa nane mchana.

Emérance alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Bule. Mume wake alikufa kwa homa, na kabla hajamaliza kulia, kijiji kikachomwa. Alitembea mpaka mji wa Bunia na binti yake Gracia mgongoni. Katika kambi ya wakimbizi alianza kufundisha watoto chini ya hema, bila kuombwa na mtu, kwa sababu hakujua kukaa bure. Ndiyo maana komite ya waliohama ilipotafuta karani, watu walimtaja yeye. Alikuwa na Kifaransa cha kuandikia, Swahili ya kuongea na kila mtu, na kilugha cha nyumbani ambacho wazee hawakutaka kukisikia kimevunjwa.

Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu barabara ya kwenda Bule ilikuwa ya kubahatisha. Wajumbe waliotumwa kuzungumza na vijana wenye silaha walirudishwa njiani, na wengine walipigwa. Shirika moja dogo la amani likaleta machine mbili, moja Bunia, nyingine katika shule ya Bule, na antena ya kushika Internet. Tangu hapo watu walizungumza wakiwa mbali, wakionana usoni kwenye kioo.

Huduma ya mikutano ya Internet waliyotumia ilikuwa ya bure, na ya bure haikuruhusu kurekodi. Fundi wa shirika akapachika kitu kidogo ndani ya navigateur, kile chombo cha kufungulia Internet. Alikiita extension. Ukikibonyeza, alama nyekundu inawaka, na kila kinachoonekana na kusikika katika mkutano kinabaki ndani ya machine yako mwenyewe. Hakipandi popote, hakili megabaiti. Emérance alikipenda toka siku ya kwanza. Baada ya kila mkutano alisikiliza tena taratibu na kuandika PV, ile ripoti ya mkutano, bila kubishana na mtu juu ya nani alisema nini.

Jambo hilo la sauti kubaki ndani ya machine ndilo lililomfanya Aimé akubali. Aimé alikuwa kiongozi wa vijana walioshika njia za mashambani. Watu walimwita chef, na hawakutamka jina lake sokoni. Jumamosi, kabla ya mazungumzo kuanza, alisogeza uso karibu na kioo na kusema:

"Muandike, sikatae. Lakini sauti yangu isipande Internet. Siku nitaisikia mu telefone ya mutu, mazungumuzo imekufa. Na mutu mwenye aliituma, nitamutafuta."

"Itabaki ndani ya machine, chef," Emérance alijibu. Halafu akamwambia mwalimu Prince, aliyeshika machine ya upande wa Bule: "Mwalimu, bonyeza na yako."

Walikuwa wamekuja kuzungumzia maharagwe. Wakati vita vilipopoa kidogo, wamama wengi walikuwa wamerudi kwa siri kulima, kisha wakafukuzwa tena. Sasa maharagwe yalikuwa yamekauka shambani, na kambini msaada wa chakula ulikuwa umepungua mpaka watu walikuwa wanapika mara moja kwa siku. Kila siku iliyopita, mvua ilikuwa inayaozesha.

Na mvua ndiyo iliyoharibu mkutano. Ilianza Aimé alipokuwa katikati ya maneno yake, ikapiga mabati ya ukumbi kama changarawe, na kutoka kwenye bafle, kile kipaza sauti, hakuna aliyesikia kitu. Emérance akachomeka ekuta, akafunika masikio kwa mikono, na kila sentensi aliyoisikia aliirudia kwa kelele, kwanza kwa Swahili, kisha kwa kilugha. Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia mdomo wake. Rezo ikakatika, ikarudi. Aimé alikuwa anatabasamu. Na Emérance akasema: "Mukipita kwa daraja, hamutaguswa!"

Sasa, katika kimya cha ofisi, alikuwa anajiuliza tabasamu lile lilikuwa la nini.

Alifunga machine, akaiweka ndani ya mkoba, akatoka karibu mbio.

Alimkuta Papa Augustin, rais wa komite, nyuma ya kanisa akiagana na watu. Alikuwa mwanaume mrefu, mtulivu, aliyewahi kuwa mtu wa kilimo wa serikali. Yeye ndiye aliyekuwa amezunguka kwa wafanyabiashara mpaka mmoja akakubali kutoa lori lake.

"Papa Augustin, lori isiondoke."

"Lori gani?"

"Ya wamama. Neno ya daraja, sikuisikia."

Augustin alimshika mkono, akamsogeza mbali na watu. "Mama Gracia, uko nasema nini? Jana ulisikia."

"Jana nilisema. Rezo ilikatika, na mi nikajaza. Nimesikiliza tena enregistrement, haiko. Kunabaki 'mutaguswa' tu."

"Sasa tumupigie Aimé."

"Alirudi mu musitu jana ileile. Haiko na rezo kule."

"Na mwalimu Prince?"

"Simu yake inaita, haikamatwe."

Augustin akashusha sauti. "Sikia, mama. Mutu alikubali kuzungumuza. Alikaa mbele yetu saa mingi. Angekaa vile juu ya kutuambia atatupiga? Weye ulisikia vizuri. Ni woga inakupata sasa."

"Inawezekana."

"Ile lori sitaipata tena, unajua. Na tukikataa kwenda, watasema siye njo tumevunja mapatano."

"Na kama watapigwa, papa?"

Augustin alivaa kofia yake na kuelekea uwanjani. Emérance akamfuata, akipiga namba ya Prince, akiisikia inaita mpaka inakata, akipiga tena.

Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni ya uwanja wa kambi, mlango wa nyuma umeshushwa. Wamama walikuwa wamefika mapema. Walikuwa na mifuko mitupu, majembe madogo, mihogo iliyochemshwa ya kula njiani. Walikuwa wanacheka. Emérance hakuwa amewasikia wakicheka hivyo kwa miezi mingi.

Kati yao alikuwa Débora, mdogo wa mama yake, aliyemlea tangu mama alipokufa. Débora alikuwa tayari juu ya lori, ameketi kwenye ubavu, kitambaa chekundu kichwani.

"Mama mudogo, shuka," Emérance alimwita.

"Nishuke wapi? Nilipata pa kukaa."

"Shuka, nakuomba."

Aliona hawezi kumwambia mmoja na kuwaficha wengine. Akapanda kwenye ukingo wa lori, akashika chuma kwa mkono mmoja, na kusema kwa kilugha, kisha kwa Swahili, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa:

"Wamama, munisikie. Jana niliwaambia chef alisema hamutaguswa. Ile neno sikuisikia. Rezo ilikatika. Niliwaona munaniangalia, na mi nikasema kitu yenye mulikuwa munataka. Sijue alisema nini. Inawezekana alisema mutaguswa."

Kicheko kilikatika. Kisha Félicité, mwanamke mwenye mabega mapana ambaye shamba lake lilikuwa kubwa kuliko mashamba ya wote, akasema polepole:

"Jana ulikuwa na uhakika, leo hauna. Nani alikuita kati ya jana na leo?"

"Hakuna mutu."

"Wafanyabiashara wanapenda tununue maharagwe yao. Siye tukivuna, wao watauzia nani? Ulipewa nini, mama Gracia?"

Wengine wakaanza kupaza sauti. Mmoja alisema watoto hawali rezo. Mwingine alisema afadhali kufa shambani kuliko kufa kwenye hema. Kuna aliyemrushia ganda la muhogo, likampiga begani. Emérance hakulipangusa. Alikuwa anamtazama Débora, na Débora alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona kwa mama huyo, macho ya mtu anayepima mgeni.

"Ulitudanganya?" Débora akauliza.

"Sikujua niko nadanganya."

Dereva aliwasha injini. Alisema kwa wasiwasi kwamba akichelewa hatapita kizuizi kabla ya kufungwa, na kwamba yeye haingii katika mambo ya watu. Augustin alisimama karibu na kabini, mkono juu ya mlango. Hakuwa amesema "nendeni", hakuwa amesema "ngojeni". Moshi wa lori ulikuwa unawafunika wote.

Hapo simu ya Emérance ikatetemeka mkononi mwake.

"Mama Gracia?" Ilikuwa sauti ya Prince, mbali, inapasuka. "Nilikuwa kwa misa, simu nilibakisha nyumbani. Naona umeniita mara mingi, kuko nini?"

"Mwalimu, jana chef alisema nini juu ya daraja?"

"Sijue. Nilikuwa inje na jenereta, ilikuwa inataka kuzimika. Unakumbuka mvua."

Emérance alifumba macho. Halafu akauliza, akiogopa jibu: "Ulibonyeza enregistrement? Ile alama ya nyekundu, iliwaka?"

"Iliwaka. Iko ndani ya machine."

Alijua maana yake. Machine ya Bunia ilikuwa imehifadhi kilichofika Bunia, pamoja na shimo lililoachwa na rezo. Lakini machine ya Prince ilikuwa mbele ya Aimé mwenyewe. Ilichukua sauti yake moja kwa moja kutoka mdomoni, kabla haijasafiri popote. Kule hakukuwa na kitu cha kukatika.

"Nitumie kile kipande, mwalimu. Kidogo tu, pa daraja."

Kimya. Aliogopa simu imekatika.

"Mwalimu?"

"Niko. Mama, ulisikia vile alisema. Sauti isipande Internet. Mi naishi huku. Bibi yangu iko huku, watoto iko huku. Nikituma, ikitoka kwa simu yako ikaenda kwa ingine…"

Emérance alijua kwamba mwalimu ana haki. Na yeye mwenyewe ndiye aliyemwahidi Aimé. Alitazama lori linalotetemeka, mifuko mitupu, kitambaa chekundu cha Débora.

"Usitume," akasema. "Fungua machine, weka simu karibu na sauti yake, tusikie tu. Maneno haya alikuwa anayaambia hawa hawa wamama. Haiko siri kwao. Hakuna kitu kitaandikwa huku, hakuna kitu kitabaki mu telefone."

Prince alipumua. "Ngoja."

Emérance alimpungia dereva mkono. "Uzime, papa! Uzime kidogo, nakuomba!"

Dereva akamtazama Augustin. Augustin alisita, kisha akapiga mlango wa kabini kwa kiganja mara mbili, na injini ikazimwa. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mpaka walisikia watoto wakicheza upande wa pili wa kambi.

"Njooni karibu," Emérance akawaambia wamama. "Safari hii sitasema mi. Mutasikia wenyewe."

Aliweka simu kwenye sauti ya juu, akaishika katikati ya vichwa vilivyojikusanya. Alimpa Débora aishike upande mmoja. Félicité alisukuma wengine akaja mbele kabisa. Kutoka kwenye simu walisikia viti vikiburutwa, Prince akitafuta mahali, sauti ya Aimé ikianza na kukatwa. Hapakuwa penyewe. Akaruka mbele. Mvua. Mtu anakohoa. Akarudi nyuma.

"Hapa," Prince akasema.

Na sauti ya Aimé ikatoka, nyembamba lakini safi, bila haraka, kama ya mtu anayeelekeza wageni njia ya nyumbani kwake:

"Mukipita kwa daraja ya juu, ile ya malori, sitajibia. Pale haiko watu wangu, ni wengine, na hawanisikie. Pale mutapigwa. Mukipita kwa daraja ya chini, ile ya miti, kwa miguu, bila wanaume, nimeshawaambia vijana, hamutaguswa."

Halafu kicheko kidogo, ndilo lile tabasamu. "Wamama wanajua ile ya miti. Walikuwa wanapita pale kutuletea maji tukiwa watoto."

Emérance alikuwa amehangaikia herufi mbili, kumbe rezo ilikuwa imemeza njia nzima. "Ha" ilikuwepo. Aliyoyatangaza yalikuwa kweli na yangewaua, kwa sababu lori lile, pamoja na wanaume wawili wa kupakia mizigo, lilikuwa linakwenda kwenye daraja la juu.

"Rudia," Félicité akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mwalimu, rudia."

Prince akarudia. Na mara ya tatu, kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Augustin alisikiliza mara zote tatu akiwa ameinamisha kichwa, na mara ya mwisho alivua kofia yake na kuibana kwapani, akaenda kukaa juu ya jiwe peke yake.

Mchana ule hawakuondoka. Walibishana mpaka jua likaanza kushuka. Wengine walisema wasiende kabisa. Wengine walisema lori liwafikishe mahali ambapo njia ya miguu inaanza, kabla ya daraja, na liwangoje hapo. Dereva alikataa, kisha akakubali. Wale wanaume wawili walishushwa pamoja na mizigo yao. Wamama kumi na kitu walijiondoa katika safari, na hakuna aliyewacheka. Waliobaki walisema watakwenda kesho yake alfajiri.

Emérance alisema atakwenda nao. Débora ndiye aliyekataa.

"Weye ubaki na mutoto wako," alimwambia, bila kumtazama. "Mikono tunayo ya kutosha."

Hayo ndiyo maneno yaliyomuuma kuliko ganda la muhogo.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku ndefu. Alifundisha watoto na kusahau katikati ya sentensi alikuwa anafundisha nini. Kila pikipiki iliyoingia kambini kwa haraka ilimfanya asimame. Jumanne mchana habari ikafika kutoka kwa mwendesha pikipiki mmoja kwamba kwenye daraja la juu kulikuwa na milio ya risasi asubuhi. Ni nani alipigwa, hakujua. Watu wa kambi walimzunguka wakimuuliza, naye alirudia lile lile. Augustin alikuja akakaa karibu na Emérance mbele ya ofisi. Alisema tu, "Ningeliwaacha waende," na Emérance akasema, "Mi pia, kama nisingesikiliza tena."

Walirudi Jumatano jioni. Lori lilionekana kwanza kwa vumbi, kisha kwa nyimbo. Mifuko ilikuwa imejaa, si yote, kwa sababu sehemu ya maharagwe ilikuwa imeoza, lakini ilikuwa imejaa vya kutosha kuwafanya waketi juu yake kama juu ya viti. Walihesabiana wakishuka. Wote walikuwepo.

Félicité alisimulia kwa sauti kubwa, akionyesha kwa mikono. Kwenye daraja la miti walikuta vijana watano wenye bunduki, wengine wadogo kama watoto wao. Mmoja alimtambua mama wa rafiki yake, akaangalia pembeni. Walipita mmoja mmoja, wakiogopa magogo kuliko bunduki, hakuna aliyewaambia neno. Asubuhi ya pili walisikia risasi upande wa juu, wakalala chini kati ya mistari ya maharagwe mpaka zikanyamaza. Alipofika hapo, Félicité akamtazama Emérance, akainua mfuko wake na kwenda zake. Hakuomba msamaha kwa aliyoyasema, wala Emérance hakuutarajia.

Siku iliyofuata aliandika PV ya mkutano wa Jumamosi. Aliandika maneno yote ya Aimé kama yalivyosikika kwa Prince. Chini yake aliandika kwamba mahali hapo sauti haikufika Bunia, na kwamba mkalimani alijaza neno bila kulisikia. Augustin aliposoma, aliweka kidole juu ya mstari huo.

"Hii haikuwa lazima, mama Gracia. Shirika watasoma."

"Wasome."

"Watatafuta mukalimani mwingine."

"Watafute wa pili, akae karibu yangu. Mmoja akikosa kusikia, mwingine aseme."

Augustin alitia sahihi bila kubishana zaidi.

Jioni Débora alikuja mlangoni mwa hema na sinia la maharagwe yaliyokwisha kuchaguliwa. Aliketi kwenye kigoda, akatoa jiwe dogo lililobaki kati ya punje, akalitupa nje. Gracia alikuwa anamtengenezea nafasi kwenye mkeka, lakini Débora hakuhama kwenye kigoda.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua, mama mudogo."

"Nilipanda ile lori juu ya neno yako. Si ya chef. Yako."

Emérance aliongeza kuni motoni, akamwaga maji kwenye sufuria. Débora alisogeza sinia kwake kwa mguu.

"Hayo yanakawia kuiva," akasema. "Funika vizuri."

Na akabaki hapo ameketi mpaka yalipoiva.